Kumjengea Mtu Nyumba Bila ya Ridhaa Yake



Miaka michache iliyopita niliitwa kusuluhisha ugomvi wa baba na mwanawe. Ugomvi wenyewe haukuwa wa mirathi wala wa talaka, mambo ambayo sisi walimu tumeyazoea, bali ulikuwa ugomvi wa nyumba. Mwana anataka kumjengea babake nyumba nzuri, baba hataki. Nilipoambiwa nilicheka moyoni. Nikasema: hii ni suluhu ya nusu saa, nitakunywa chai nirudi zangu. Ikanichukua siku tatu, na tangu hapo jambo lile halijanitoka kichwani, kwa sababu niliona ya kuwa si la watu wawili tu. Lamhusu kila mwenye uwezo juu ya asiye na uwezo: serikali juu ya raia, halmashauri juu ya wanakijiji, mwenye nyumba juu ya mpangaji, na mtoto aliyepata juu ya mzee aliyekosa. Swali ni hili: wema ukiwa ni wema kweli, je, wahitaji ruhusa ya yule anayefanyiwa?

Mahali penyewe ni Issuna, katika Wilaya ya Ikungi, Mkoa wa Singida. Msomaji wa pwani ambaye hajafika huko na ashike njia ya Dodoma, apite Manyoni, kisha aelekee kaskazini kwa barabara ya lami ya Singida. Akienda kama kilomita 54 kutoka Manyoni atakuwa amefika Issuna, na Singida mjini kungali mbele zaidi ya kilomita 60. Ni nchi ya Wanyaturu, nchi kavu, yenye upepo usiochoka na majabali yaliyolala mashambani kama tembo waliopumzika. Watu wake hulima mtama, uwele na alizeti, na hufuga. Kuku wao hatuna haja ya kuwasifu, maana kila aliyesafiri njia ile awajua.

Nyumba ya asili ya huko huitwa tembe. Sisi tuliozoea kuta za mawe na chokaa, au udongo na makuti yenye mteremko, tukiiona mara ya kwanza hudhani kwamba ni nyumba iliyokatwa kichwa. Husimamishwa nguzo, hufungwa fito, hukandikwa udongo, kisha juu hulazwa miti na majani na udongo tena, pakawa tambarare. Mchana wa jua kali ndani mna baridi. Usiku wa kipupwe ndani mna joto. Juu yake watu huanika nafaka. Hamna msumari hata mmoja ulionunuliwa dukani. Lakini tuseme kweli pia: mvua ikizidi huvuja, mchwa huzila nguzo, mwanga ni mdogo, na miti ya kujengea siku hizi imekuwa haba. Mpita njia asiisifu kwa kuiona dirishani mwa basi. Na aisifu aliyelala ndani yake wakati wa masika.

Mwana niliyemtaja alisoma chuoni kwangu tangu utotoni, kisha akapata kazi huku huku Tanga, akafanikiwa, alhamdulillahi. Kwa muda wa miaka sita alikuwa akiweka akiba kidogo kidogo ili amtoe babake katika tembe. Akachorewa ramani, akapatana na fundi, akapeleka lori la saruji, nondo na mabati mpaka mlangoni. Mzee akatoka, akalitazama lori, akarudi ndani. Na tangu siku ile hakusema na mwanawe ila salamu.

Nami, nakiri, nilianza kwa upande wa mwana. Nilimkalisha mzee nikamkumbusha ya kuwa Mtume (S.A.W.) ameitaja nyumba yenye nafasi miongoni mwa mambo yanayomfurahisha mtu duniani, na ya kuwa kukataa hisani ya mtoto ni kumvunja moyo. Nikasema mengi. Mzee alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akasema: "Shehe, hayo yote ni kweli. Umemaliza?" Nikamwambia nimemaliza. Akasema: "Basi sasa nisikilize na mimi."

Akanieleza ya kuwa hakuzaliwa pale barabarani. Kwao kulikuwa mbali, mwendo wa nusu siku kwa miguu, katika tembe ya babake, na makaburi ya wazee wao yalikuwa nyuma ya zizi. Siku za Operesheni Vijiji yeye alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Wakaja watu na lori, wakasema mwisho ni siku fulani, na baada ya siku hiyo hapatakuwa na mtu wa kubaki huku. Babake hakuulizwa neno. Tembe wakaibomoa kwa mikono yao wenyewe, wakapakia vyombo na kuku, na nguzo zilizokuwa nzima wakazibeba, wengine kwa lori, wengine mabegani. "Nguzo nne za nyumba hii unayoiona," akasema, "ni za nyumba ile. Nilizibeba mimi." Kisha akanyamaza kidogo, akaongeza: "Lori limekuja kwangu mara mbili, Shehe. Mara ya kwanza lilikuja la serikali, na mara ya pili la mwanangu. Zote mbili, aliyekuja nalo alikuwa amekwisha kuamua."

Sikuwa na jawabu. Nikaomba maji ya kutawadha.

Vijana wanaosoma gazeti hili huenda hawayajui mambo ya Operesheni, na wazee wanayajua kila mmoja kwa upande wake, basi na tuyaeleze kwa ufupi. Tarehe 6 Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji si hiari tena bali ni amri, na kwamba kazi hiyo imalizike mwisho wa mwaka 1976. Mamilioni ya watu walihamishwa. Kufikia mwaka 1977 ilihesabiwa kwamba zaidi ya watu milioni 13 wanaishi katika vijiji zaidi ya 7,000. Kusudi lilikuwa jema, na hatuna haja ya kumdhania mtu vibaya: watu wakikaa pamoja ni rahisi kuwapelekea maji, shule na zahanati, kuliko wakitawanyika mmoja huku na mwengine kule. Na kwa hakika watoto wengi walisoma kwa sababu hiyo. Mwanafunzi wangu mwenyewe alijifunza kuandika katika shule ambayo isingekuwapo lau babu yake angelibaki kule kwenye makaburi. Mzee naye hakulikana hilo.

Lakini haraka ilikuwa nyingi na kuuliza kulikuwa kuchache. Kuna waliowekwa pasipo maji, na waliowekwa mbali na mashamba yao, na waliochomewa nyumba ili wasipate pa kurudia. Na yafaa kukumbuka jambo ambalo aghlabu husahauliwa: wakati amri hiyo inatolewa, halmashauri za wilaya za vijijini zilikuwa zimekwisha kuvunjwa, mwaka 1972, na mambo yote yakawa mikononi mwa maofisa waliopelekwa kutoka juu. Hapakuwa tena na baraza la wilaya lililochaguliwa na watu wenyewe, ambalo mtu angeweza kulisimamia na kusema: hapa mlipotuweka hapana kisima. Sheria za kuzirudisha serikali za mitaa zilipitishwa mwaka 1982, na mwaka 1984 Mwalimu mwenyewe alikiri hadharani kwamba kuzivunja lilikuwa kosa, na kwamba lau angeanza upya asingelifanya. Si watawala wengi waliokiri makosa yao wangali madarakani. Tumpe haki yake kwa hilo.

Sasa turudi kwenye swali. Huenda mtu akasema: nia ilikuwa njema, na amali huhesabiwa kwa nia, tena faida ilionekana baadaye. Ubaya uko wapi? Twajibu ya kuwa nia njema humfaa mwenye nia mbele ya Mola wake, lakini haimpi haki ya kukitumia cha mwenziwe. Mtu akichukua mbuzi wa jirani bila ya idhini akamchinja na kuwalisha mayatima, mayatima watashiba, na nia yake Mungu aijua, na mbuzi atalipwa. Na faida iliyokuja baadaye haigeuzi namna mambo yalivyoanza. Mtoto aliyezaliwa kijijini akasoma hana deni, lakini babu yake alikuwa na haki ya kuulizwa, na haki hiyo haikupotea kwa kuwa mjukuu amefaulu.

Katika jambo hili tuna kisa kilichopokewa katika vitabu vya sira, nami nilimsimulia mzee na mwanawe usiku ule. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) alipotaka kuupanua msikiti wa Madina, nyumba ya Abbas, ami yake Mtume, ilikuwa njiani. Umar akamtaka aiuze, au akubali kujengewa nyingine pahala pengine kwa mali ya Waislamu, au aitoe sadaka. Abbas akakataa yote matatu. Tazama basi: huyu ni Amiri wa Waumini, na anachokitaka si kasri lake bali ni msikiti, tena msikiti wa Mtume. Hakuna haja ya umma iliyo kubwa kuliko hiyo. Wala hakutuma watu na nyundo. Wakakubaliana waende kwa Ubayy bin Kaab awaamue, na Ubayy akahukumu kwamba Abbas asiondolewe pasi na ridhaa yake, akatoa kisa cha Nabii Daudi (A.S.) aliyekatazwa kuiingiza ndani ya nyumba ya Mwenyezi Mungu ardhi aliyonyang'anywa mtu. Umar akanyenyekea kwa hukumu. Na hapo Abbas, baada ya haki yake kuthibiti, akasema sasa naitoa sadaka kwa Waislamu. Umar naye akamjengea nyumba nyingine kutoka hazina.

Wengi wetu hukisimulia kisa hiki kwa kusifu uadilifu wa Umar, na wanasema kweli. Lakini mimi naona kuna jambo jengine ndani yake. Nyumba ile ile, iliyokataliwa kwa bei, ilitolewa bure mara tu mwenyewe alipokwisha kuhakikishiwa ya kuwa ni yake. Abbas hakuwa bakhili, wala hakuwa adui wa msikiti. Alichokikataa ni kufanywa kama hayupo.

Na isidhaniwe kwamba Umar alikuwa mtu wa kuwaacha watu wajenge ovyo. Kufa ilipoanzishwa, mnamo mwaka wa 17 wa Hijra, watu walijenga kwa matete, na moto ukaziteketeza nyumba zao. Wakapeleka ujumbe kuomba ruhusa ya kujenga kwa matofali. Umar akaridhia, lakini akaweka mpaka: mtu asizidishe vyumba vitatu, wala wasishindane kurefusha majumba. Njia kuu za mji zikapimwa dhiraa 40, nyengine 30, nyengine 20, na vichochoro dhiraa 7. Mtawala alisimamia njia, mipaka na usalama. Kujenga waliomba wenyewe, wakajenga wenyewe. Hiyo ndiyo kazi ya halmashauri nijuavyo mimi: kufanya yale ambayo mtu mmoja peke yake hayawezi, yaani ardhi iliyopimwa, barabara, maji, na ujuzi wa fundi, na ya ndani kumwachia mwenye ndani.

Nchini kwetu nako sheria imekuja kufika hapo, ingawa kwa kuchelewa. Baada ya Operesheni, wengi waliopokonywa mashamba walikwenda mahakamani kuyadai, na mwaka 1992 ikapitishwa sheria ya kuzifuta haki zao za kimila pamoja na kesi zao. Mkulima mmoja wa mkoa wa Arusha, Lohay Akonaay, pamoja na mwanawe, hawakukubali. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikaamua ya kuwa haki ya mtu juu ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na haiondolewi bila ya fidia ya haki. Ni baba na mwana, wakulima wa kawaida, dhidi ya serikali nzima! Kisha ikaja Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Sheria hii iliwathibitisha waliogawiwa ardhi wakati wa Operesheni katika ardhi yao hiyo mpya, maana baada ya miaka ishirini na zaidi huwezi kuwang'oa tena na hao, nao wamezaa na kuzika hapo. Lakini pia iliweka sharti ambalo kila mwanakijiji angepaswa kulihifadhi kama anavyohifadhi Alhamdu: Halmashauri ya Kijiji haina ruhusa ya kugawa ardhi mpaka kwanza ipate idhini ya Mkutano wa Kijiji, na katika mkutano huo kila mtu mzima ana sauti, mwanamume na mwanamke. Bahati mbaya mikutano hiyo huhudhuriwa na wachache. Watu hupenda kulalamika barazani kuliko kunyoosha mkono mkutanini.

Yako pia mambo ya kushukuru. Katika miaka ya karibuni Wizara ya Ardhi imezikopesha halmashauri fedha zisizo na riba kwa ajili ya kupanga, kupima na kumilikisha ardhi. Na tangu sheria ya mwaka 2018 kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa wenye ulemavu, nayo haina riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 kwa sababu ya kasoro zake, ikarejeshwa mwaka 2024. Vikundi vya kufyatua matofali, vya useremala, vya ushonaji vimesimama kwa fedha hizo. Ajabu ni kwamba sisi ambao usiku na mchana twahubiri dhidi ya riba, tukipewa mkopo usio na riba baadhi yetu huuona kama zawadi wala hawarudishi. Deni ni deni. Lisilolipwa limechukuliwa kwa mjane wa kikundi cha pili aliyekuwa akingoja zamu yake.

Nyumba za bei nafuu nazo husemwa sana. Shirika la Nyumba la Taifa lipo tangu mwaka 1962, limejenga mengi mazuri, na viongozi wake wamewahi kulalamika wenyewe kwamba kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, pamoja na gharama za kupeleka barabara na maji, huipandisha bei ya nyumba mpaka nafuu yake haionekani. Mimi si mtu wa hesabu. Nauliza tu: nafuu kwa nani? Mkulima wa alizeti hana karatasi ya mshahara ya kuonyesha benki. Kwake yeye nyumba ya bei nafuu ni kiwanja chenye hati, udongo wa kufyatulia tofali, maji karibu, na bati moja moja linunuliwalo kila mavuno. Ukimpa hayo atakujengea nchi nzima. Dar es Salaam kaya 644 za Magomeni Kota ziliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 2010 ili pajengwe upya, zikangoja kama miaka kumi, mpaka majengo mapya yalipofunguliwa mwaka 2022 wakarudi. Walirudi, na hilo ni la kushukuriwa, maana wapo wengi duniani waliotolewa kwa ahadi kama hiyo wasirudi tena. Lakini miaka kumi ni mingi. Mzee aliyetoka na mkongojo hakuwa na miaka kumi ya kungoja.

Na hapa pana jambo ambalo ni zito kuliko kutoulizwa: kuulizwa, ukakubali kwa ajili ya ahadi, kisha ahadi isitimizwe. Katika mkoa ambao sitautaja nimeona boma la zahanati. Wanakijiji waliitwa mkutanoni, wakaambiwa: nyinyi inueni kuta, bati na kenchi zitaletwa. Wakafyatua matofali, akina mama wakateka maji kwa ndoo, kuta zikafika kwenye linta kabla ya mvua. Bati halikuja. Masika ya kwanza yakaosha udongo, ya pili yakaangusha kona, na nilipopita mimi mlikuwa na mbuzi. Niliambiwa kuwa baada ya hapo watu wa kijiji kile hawafiki tena mkutanoni, na viongozi wao husema ni wavivu, hawapendi maendeleo.

Haya ya serikali tumeyasema, na ni rahisi kuyasema. Je, sisi wenyewe huku pwani?

Ni wangapi kati yetu wana vyumba vya kupangisha, na humtaka mpangaji alipe kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, ilhali twajua mshahara wake huja kwa mwezi, na vibarua vyake huja kwa siku? Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo hukatwa katika umeme wa luku, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu mwaka 2023 shilingi 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Mpangaji akinunua umeme amekulipia wewe, na usipomrudishia katika kodi ya nyumba umekula haki yake, japo ni pesa ya kununulia mandazi. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, babu zetu walilia kwamba mkoloni amewafuata mpaka mlangoni. Haipendezi tuwe sisi tunaomfuata mpangaji mpaka kwenye taa yake.

Na watoto wetu walioko Maskati, Dubai na Ulaya, Mungu awazidishie. Hutuma fedha, akapigwa chini ukumbi wa zamani na baraza lake, likainuka jumba la vigae lenye ukuta mrefu na geti la chuma. Mama hukaa ndani peke yake. Alikuwa na baraza, kila apitaye humsalimu, na watoto wa mtaa humletea habari kabla ya redio. Sasa ana vyumba vinne vya kufagia. Ukimuuliza, husema alhamdulillahi, mwanangu kanijengea. Mama hatasema zaidi ya hapo. Lakini mwana hajapata hata siku moja kumpigia simu akamuuliza: mama, mlango uelekee wapi?

Najua nitaambiwa: Sheikh, kila kitu kikingoja idhini, hakuna kisima kitakachochimbwa wala choo kitakachojengwa, maana mahali popote pana mtu wa kukataa. Maneno haya yana ukweli. Yapo mambo ambayo madhara yake humfikia jirani, kama choo kisichofunikwa wakati wa kipindupindu, au nyumba iliyojengwa katika mkondo wa maji, na katika hayo mtawala hulazimisha kwa haki na kwa fidia, wala hana lawama. Wala kuuliza si kukubali kila jawabu. Umar aliuliza, akakataliwa, akarudi kuuliza kwa njia nyengine, kisha akaenda kwa mwamuzi. Kuuliza ni kumjua mwenzako kuwa yupo. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nahl, aya ya 80, ameitaja nyumba kuwa ni mahali pa utulivu, na utulivu si kitu cha kupakiwa kwenye lori. Naona mpaka uko hapo: lililo la njia na la jirani lina amri, na lililo la ndani lina ridhaa.

Siku ya tatu pale Issuna nilimwita mwana pembeni. Alikuwa amekasirika, na ana haki, kwa maana miaka sita si mchezo. Akaniambia: "Maalim, kwani nimefanya kosa gani? Ningekula pesa zangu ndiyo ningekuwa mtoto mwema?" Nikamwambia hakufanya kosa katika kutoa, bali amekosa katika kuamua. Nikamwambia aingie kwa babake mikono mitupu, asitaje saruji wala ramani, amuulize swali moja tu: baba, ungetaka nini? Akaniangalia kama niliyemwambia aende mwezini. Aliingia baada ya alasiri. Mimi nilikaa nje chini ya mkwaju, upepo ukinipeperusha kanzu, nikisikia sauti ya mzee tu, muda mrefu, kwa Kinyaturu, lugha nisiyoijua.

Niliondoka asubuhi ya pili yake kabla jambo halijaamuliwa. Mwezi ukapita. Kisha mwana akanipigia simu, anacheka na huku amechoka, akaniambia ya kuwa fundi alikuwa amepima na kupigilia vigingi na kufunga kamba tayari kwa msingi, na usiku mzee ametoka na tochi, akaving'oa vyote, akavisogeza hatua kama saba upande wa mkwaju, mlango uelekee kule walikotoka, na tembe ibaki nyuma kuwa ghala. Asubuhi fundi akapiga kelele kwamba kipimo kimeharibika. Nikamuuliza, na wewe ulimwambiaje fundi?

"Nilimwambia achimbe hapo hapo palipo na vigingi."